Injini Isiyokunywa Maji

Saa saba mchana sokoni Tulia, pikipiki ya Boxer inasimama chini ya mwarobaini ikiwa na mitungi sita ya lita 20. Miwili ubavuni kulia, miwili kushoto, miwili juu ya kiti, yote imekazwa kwa mipira ya tyubu. Hizo ni kilo 120 za maji, na kijana mwenyewe hajahesabiwa. Akishuka, jambo la kwanza analofanya ni kuinama na kusogeza kiganja karibu na silinda bila kuigusa, kama mtu anayepima kama kikaango kimeshika moto. Chuma kinalia tik, tik, tik kikipoa. Mgongoni pikipiki ile imebeba maji ya kuitosha nyumba nzima, na tumboni mwake halimo hata tone.

Hapa Kitui, na hata ukivuka mto Athi ukaingia Makueni, karibu kila pikipiki ya boda ni ya namna hiyo: silinda moja, mapezi ya alumini kuizunguka, na kazi ya kuipoza imeachiwa upepo na oili. Wanaoandika habari za pikipiki huko ng'ambo husifu zaidi zile zenye rejeta, na kwa mbio zinastahili sifa. Lakini nimezipanga rekodi za dunia moja baada ya nyingine, za mwanzo, za wingi, za umri, za mwendo na za masafa, nikaona jambo ambalo fundi wa Tulia angeniambia bila kufungua kitabu. Rekodi za kasi zimeenda kwa maji, rekodi za kazi zimebaki kwa upepo. Ipo moja ya kazi iliyonipinga, nami sitaificha.

Ya kwanza kabisa ilizaliwa Ujerumani mwaka wa 1885. Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walifunga injini ya petroli ya cc 264 kwenye fremu ya mbao yenye sura ya baiskeli. Ilitoa nusu ya nguvu ya farasi mmoja, ikapozwa kwa upepo. Novemba ya mwaka huo Paul, mwanawe Daimler, aliipanda akatoka nayo Cannstatt, na njiani kiti kikashika moto, kwa sababu mrija wa moto wa kuwashia petroli ulikuwa chini yake. Pikipiki ya petroli ilianza maisha yake ikiwa na shida ileile inayomfanya kijana wa Tulia ainame na kupima silinda: joto likae wapi, litokee wapi.

Ya kwanza kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa kwa watu ilikuja miaka tisa baadaye, nayo ilinishangaza. Nilidhani maji ni mambo ya juzi, ya Wajapani na kompyuta. Kumbe Hildebrand & Wolfmüller ya mwaka wa 1894, iliyoundwa Munich, ilikuwa na injini ya maji. Silinda mbili, cc 1,489, mwendo wa kama kilomita 45 kwa saa, na bamba la kuzuia matope juu ya gurudumu la nyuma lilikuwa tupu ndani: humo ndimo maji yalimowekwa. Injini kubwa kiasi hicho ikaenda pole kiasi hicho, na walioiunda wakaona ni afadhali iwe na maji yake. Kwa hiyo maji si mgeni katika mashindano haya. Yalikuwa sokoni kabla reli ya Mombasa haijaanza kujengwa.

Uingereza, Alfred Angas Scott alianza kuuza pikipiki zake mwaka wa 1908, zikiwa na maji kwenye hedi. Mwaka wa 1912 na 1913 pikipiki za Scott zilishinda mbio kubwa za Senior TT katika kisiwa cha Man, mara mbili mfululizo. Kuanzia hapo maji yalijulikana kuwa ya wepesi, na upepo ukawa wa watu wa kila siku.

Nao watu wa kila siku ni wengi. Chombo cha moto kilichotengenezwa kwa idadi kubwa kuliko vyote katika historia, magari yakiwemo, ni pikipiki ndogo ya upepo: Honda Super Cub. Ilitoka Agosti 1958, na kufikia Oktoba 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100. Ya kwanza ilikuwa na cc 49 tu na nguvu za farasi zisizotimia tano. Takeo Fujisawa, mshirika wa Soichiro Honda, alitaka mashine ambayo mpeleka chakula wa hoteli angeiendesha kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika sinia ya tambi. Hakuwa anafikiria mbio. Alikuwa anafikiria mtu mwenye mzigo, barabara mbovu na pesa kidogo, na kwa mtu huyo rejeta ni kitu cha ziada cha kununua na cha ziada cha kuharibika. Sijui maelezo mafupi kuliko hayo ya steji ya boda.

Kwa umri, taji ni la Royal Enfield Bullet. Jina hilo lilianza Redditch, Uingereza, mwaka wa 1932, na kuanzia 1955 likawa na kiwanda India, mjini Madras, ambao leo unaitwa Chennai. Bado zinatengenezwa, na bado silinda yake ni moja, na bado upepo ndio unaoipoza. Zimepita vita, zimepita mipaka mipya ya nchi, zimepita bei ya mafuta kupanda na kushuka, na mapezi yamebaki palepale.

Kabla sijafika kwenye mwendo, niseme neno kuhusu neno lenyewe. Pikipiki imepata jina kutokana na mlio wake, na mlio huo ni wa injini ya upepo. Silinda yenye maji huvikwa koti la maji pande zote, na koti hilo humeza kelele nyingi za pistoni na valvu. Mapezi hayamezi kitu, yenyewe hutetema na kuimba. Babu zetu waliosikia piki-piki-piki ikipanda mlima walikuwa wanasikia chuma kitupu kikiongea na hewa. Mashine ya maji ingepata jina jingine.

Sasa hesabu ya joto, maana bila hiyo rekodi zote hizi ni majina tu. Petroli na hewa zikilipuka ndani ya silinda, joto hupita nyuzi 2,000. Alumini, ambayo ndiyo pistoni, huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kinachoiokoa ni kwamba mlipuko hudumu kitambo kidogo sana, na joto linapata pa kutokea. Kwa makadirio ya kawaida, nishati ya petroli hugawanyika mafungu matatu yanayokaribiana: moja linasukuma gurudumu, la pili linatoka na moshi wa ekzosi, la tatu linabaki kwenye chuma na lazima liondolewe. Boxer BM150, yenye cc 144.8, hutoa nguvu za farasi 12 ikikamuliwa hadi mwisho, yaani karibu kilowati 9. Basi mapezi nayo yana kilowati kama hizo za kutupa nje. Fikiria pasi tisa za umeme zimewashwa pamoja katikati ya magoti ya dereva.

Maji huifanya kazi hiyo vizuri kuliko hewa, na hakuna ubishi hapo. Ukichukua lita ya maji na lita ya hewa, ukazipandisha joto kwa kiasi kilekile, maji yatakuwa yamebeba joto la kama mara 3,500 zaidi. Ndiyo maana injini ya maji hukaa kwenye joto lisilobadilika sana, pistoni yake inatengenezwa ikikaribiana zaidi na ukuta wa silinda, mgandamizo wa hewa unaongezwa, na nguvu inapanda.

Nguvu hiyo ndiyo iliyozaa rekodi za mwendo. Kawasaki GPZ900R ya 1984 ilikuwa pikipiki ya kwanza ya dukani kupita kilomita 240 kwa saa, na ilikuwa ya maji. Tarehe 30 Juni 2016, Mturuki Kenan Sofuoğlu aliipanda Kawasaki Ninja H2R juu ya daraja jipya la Osman Gazi, akafika kilomita 400 kwa saa kwa sekunde 26. Rekodi ya dunia ya pikipiki ni ya Rocky Robinson. Tarehe 25 Septemba 2010, kwenye chumvi ya Bonneville huko Marekani, alikwenda kilomita 605.697 kwa saa ndani ya chombo kirefu kama mtumbwi kinachoitwa Ack Attack, kilichobeba injini mbili za Suzuki Hayabusa. Injini hizo asili yake ni za maji.

Kwa ukubwa wa injini ni vivyo hivyo. Triumph Rocket 3 ina cc 2,458, kubwa kuliko pikipiki nyingine yoyote inayotengenezwa kiwandani kwa wingi, na ina rejeta. Ukizijumlisha silinda za Boxer kumi na saba ndipo unaifikia.

Upepo una mtu wake mmoja kwenye chumvi ileile ya Bonneville. Burt Munro wa New Zealand alinunua Indian Scout ya mwaka wa 1920 ikiwa mpya, akaishi nayo maisha yake yote, akitengeneza pistoni kwa mikono yake bandani. Mwaka wa 1967, akiwa na umri wa miaka 68, alikwenda nayo zaidi ya kilomita 295 kwa saa, rekodi ya dunia kwa injini za chini ya cc 1,000. Hakuna rejeta. Mafundi wetu wangemwelewa mzee huyo kuliko wanavyowaelewa wahandisi wa Bonneville wa leo, kwa sababu naye aliishi kwa kukarabati kilichopo.

Hapa Ukambani tuna rekodi yetu ya upepo, na imesahaulika. Barabara ya Nairobi kwenda Mombasa inapita Makueni, katikati ya Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei. Mbio za magari za Safari za miaka ya mwanzo zilipokuwa zikirarua nchi hii, gari lililoshinda mwaka wa 1954 lilikuwa Volkswagen, la Vic Preston. Mwaka wa 1957 likashinda tena, likiendeshwa na Gus Hofmann. Mwaka wa 1962 likashinda mara nyingine, la Tommy Fjastad. Ni ile kobe tunayoijua wote, yenye injini nyuma, yenye feni, isiyo na rejeta wala tone la maji. Baada yake walikuja Peugeot, Ford, Datsun, Mitsubishi, Lancer baada ya Lancer, na wote walikuwa na rejeta. Kwa hiyo ushindi wa 1962 ndio wa mwisho wa gari la upepo katika Safari. Huwa nawaambia vijana wa steji habari hii na wengi hawaiamini, kwa sababu kobe waliyoiona ni ile iliyoegeshwa chini ya mwembe bila magurudumu.

Jangwani nako upepo ulitangulia. Mbio za kwanza za Paris hadi Dakar, zilizoishia Januari 1979, zilimpa ushindi Mfaransa Cyril Neveu juu ya Yamaha XT500, silinda moja ya upepo. Mwaka wa 1986 Neveu huyohuyo alishinda tena, safari hii akiwa na Honda NXR750 yenye maji. Mtu mmoja, mchanga uleule, injini mbili. Mbio zenyewe zilikuwa zimekuwa za kasi zaidi.

Na sasa ile iliyonipinga. Rekodi ya safari ndefu kuliko zote kwa pikipiki ni ya Emilio Scotto wa Argentina. Alitoka kwao Januari 1985, akarudi Aprili 1995, akiwa ametembea kilomita 735,000, na pikipiki yake ilikuwa Honda Gold Wing GL1100, ya maji. Hiyo si rekodi ya kasi, ni ya kazi na ya subira, na upepo haukuipata. Nimeitafakari sana. Jibu ninaloliona ni kwamba Gold Wing ni mashine kubwa ya barabara ndefu, inayozungusha injini yake bila haraka, na anayeipanda ana mashine moja tu ya kulinda, miaka kumi, kama mtu anavyomlinda ng'ombe wa maziwa. Boda ya Tulia haina bahati hiyo. Inaendeshwa na mwenyewe asubuhi, na ndugu yake mchana, na mtu wa kukodi usiku.

Adui wa injini ya upepo hapa ni mchanga zaidi ya jua. Mto wa Ukambani uliokauka hauvukwi kwa kasi. Dereva anarudi gia ya kwanza, gurudumu la nyuma linachimba, injini inanguruma, na mwendo haumshindi mtu anayetembea kwa miguu. Hapo zile pasi tisa zinawaka karibu zote na upepo haupo. Upepo ukiwa unatoka nyuma kwa mwendo uleule wa pikipiki, hewa inayoizunguka silinda husimama tuli. Dakika tatu za namna hiyo zinaikausha injini kuliko saa nzima ya lami kwenye barabara ya Kibwezi–Kitui.

Adui wa pili ni udongo mwekundu. Mvua za Novemba zikinyesha, tope linarushwa na gurudumu la mbele moja kwa moja kwenye silinda, linajaa katikati ya mapezi, linakauka. Silinda inakuwa imevikwa blanketi. Nimemwona fundi akikaa dakika ishirini akilichokoa kwa kijiti, pezi moja baada ya jingine, kabla hajagusa bolti yoyote. Kijana mwenye pikipiki alikuwa na haraka.

"Fundi, wewe badilisha plagi tu, niende."

"Plagi haina shida, kijana. Hii imefunikwa."

Adui wa tatu ndiye mbaya zaidi, na ni oili kidogo. Injini ya silinda moja kama hii hubeba kama lita moja ya oili, na lita hiyo inafanya kazi mbili: inalainisha na inapoza. Inachukua joto chini ya pistoni na kulipeleka kwenye kasha la injini lipoe. Kwa hiyo injini yetu ina maji yake, ila ni meusi na yanauzwa kwenye chupa. Mwenye pikipiki anayesema atabadilisha oili mwezi ujao, kumbe imeshapungua hadi nusu, amejitia katika hali ya mwenye gari aliyemwaga nusu ya rejeta.

Fundi huyo alinipa pistoni niishike. Upande mmoja ulikuwa unang'aa, unateleza kama kijiko. Upande wa pili, ule unaoelekea ekzosi, ulikuwa na mikwaruzo ya wima kutoka juu hadi chini, na ringi zilikuwa zimegandia kwenye mifereji yake. Nikapitisha kidole, kikakwama. Alumini ilikuwa imevimba kwa joto, ikajipaka kwenye ukuta wa silinda, injini ikashika katikati ya mto.

"Huyu alivuka mto na mizigo na oili ya nusu lita," akasema. Hakumlaumu mtu. Alikuwa anasoma chuma kama daktari anavyosoma kipimo.

Je, rejeta ingeiokoa? Mtoni, ingeiokoa, hasa ikiwa na feni. Lakini huleta mambo yake. Kitui iko kwenye kimo cha kama mita 1,100 juu ya bahari, na kwenye kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 96. Kinachoyazuia yasichemke mapema ni kifuniko cha rejeta, kinachoyabana kwa shinikizo. Raba ya kifuniko hicho ikichakaa, maji yanatoka kama mvuke, na dereva anaongeza yale yaliyo karibu. Yaliyo karibu huku mara nyingi ni ya kisima, na visima vingi vya Kitui vina chumvi. Kila mama anaujua ukoko mweupe unaobaki chini ya sufuria ya chai. Ukoko huohuo hujijenga ndani ya mirija myembamba ya rejeta mpaka maji yasipite. Pampu, mipira, feni, thermostati: kila kimoja kinahitaji spea, na duka la spea la karibu lina plagi, klachi, cheni na tyubu.

Mahali ninapounga mkono maji bila kusita ni kwenye zile pikipiki za magurudumu matatu za mizigo. Nyingi huuzwa zikiwa na rejeta na feni, na ni haki. Zinabeba mchanga, matofali na matanki ya maji, zinapanda polepole, na upepo wa mwendo hazina. Hapo mapezi peke yake ni kuitesa injini.

Watengenezaji wa Ulaya wameendelea kuhamia kwenye maji, kwa sababu sheria za moshi zinataka injini isiyobadilika joto. Huku kwetu yapo pia mawimbi mengine: mwaka wa 2024 pikipiki ya umeme ya Roam, iliyoundwa Nairobi, ilisafiri kilomita 6,000 kutoka Nairobi hadi Stellenbosch, Afrika Kusini, ikichajiwa kwa jua, kwa siku 17. Niliwasimulia vijana wa Tulia. Walisikiliza kwa makini, kisha mmoja akauliza inabeba mitungi mingapi.

Swali lake lina uzito, kwa sababu mitungi ndiyo kipimo cha rekodi hapa. Kiangazi kikikaza, mwenye Boxer akipiga safari nane kwa siku na mitungi sita kila safari, amebeba lita 960, karibu tani nzima ya maji, kwa silinda moja isiyo na rejeta.

Kijana wa mwarobaini alirudisha kiganja kwenye silinda, safari hii akaigusa. Akapanda, akaipiga teke moja ikawaka. Mwanamke mzima alikuwa ameshasimama kando ya barabara na mtungi wake mtupu.

"Mwaitu, nipe huo," akamwambia, akaufunga juu ya ile sita.